Muulize Fundi: Kushusha kasi ya bunduki ya easofti

Barua za safari hii zimenijia kama zilizopangwa. Karibu kila mtu anataka bunduki yake ya easofti, ile ya mchezo inayorusha gololi ndogo za plastiki, ipige polepole zaidi, na nafurahi, maana wachezaji wengi huuliza kinyume chake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Ukiielewa hiyo, zinazofuata zinakuwa nyepesi.

*

*Shikamoo Fundi. Nina bunduki ya easofti ya umeme, giaboksi yake (lile sanduku lenye gia, springi na pistoni inayosukuma upepo) ni ya aina ya V2. Kwenye kipima kasi inasoma futi 420 kwa sekunde kwa gololi za gramu 0.20, na uwanja tunaochezea mwisho ni futi 350. Wenzangu wamenipa dawa tatu: nikate springi, nitoboe silinda ili upepo upungue, au nipimie gololi za gramu 0.30 kwa sababu ni nzito na zitasoma chini. Nifuate ipi?*
— Mchezaji aliyerudishwa mlangoni

Marahaba, mwanangu. Usifuate hata moja.

Nianze na hiyo ya tatu, kwa sababu ndiyo inayonikera. Kipima kasi kinasoma kasi tu. Kinachomuumiza mwenzako ni nishati iliyobebwa na gololi, nayo inapimwa kwa jouli. Chukua uzito wa gololi kwa kilo, zidisha kwa kasi ya mita kwa sekunde, zidisha kwa kasi hiyo tena, kisha gawa kwa mbili. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde, ambazo ni futi 328, imebeba jouli 1 kamili. Yako inatoka kwa futi 420, yaani mita 128, na hiyo ni jouli 1.64. Kikomo cha uwanja wenu, futi 350, ni jouli 1.14.

Sasa tia gololi za gramu 0.30 kwenye bunduki hiyohiyo bila kugusa kitu kingine. Nishati ikibaki ileile, kipima kasi kitasoma kama futi 343. Umepita, na msimamizi amekupigia saluti. Lakini unayempiga anapokea jouli 1.64 zilezile, tena mbaya zaidi, kwa sababu gololi nzito haipotezi mwendo hewani upesi kama nyepesi. Ikimfikia mtu aliye mbali inakuwa bado na nguvu kuliko ile ya 0.20. Mwenzako amekufundisha kudanganya mashine, na anayelipia udanganyifu huo ni mtu aliyeingia uwanjani akiamini wote mmepimwa kwa haki. Kwa hilo siwezi kukuchekea.

Nchi zenye sheria za mchezo huu zimeliona hili, ndiyo maana haziandiki futi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, ni jouli 1.3 kwa bunduki inayopiga mfululizo na jouli 2.5 kwa inayopiga mojamoja. Japani wao wanaangalia nishati kwa kila sentimita ya mraba: kikomo ni jouli 3.5, na kwa gololi ya milimita 6 hiyo inaangukia chini kidogo ya jouli 1.

Twende kwenye kutoboa silinda. Ni kweli upepo ukivuja kasi inashuka, lakini inashuka ovyo. Risasi hii utasoma 335, inayofuata 362, ya tatu 348, na bunduki ya namna hiyo haina shabaha wala haina uhakika wa kupita ukaguzi. Kuna na jambo wengi hawalijui. Pistoni inapokimbia mbele, upepo uliobanwa kati yake na kichwa cha silinda ndio unaoipokea mwishoni isigonge kwa nguvu. Ukiutolea njia, pistoni inakwenda kugonga chuma kikavu, risasi baada ya risasi. Giaboksi za V2 zinajulikana kwa kupasuka hapo hapo mbele, kwenye dirisha la silinda. Utakuwa umeshusha kasi na kununua ufa.

Kuna silinda zilizotengenezwa na tundu la pembeni tangu kiwandani, usije ukachanganya. Hizo zimepigiwa hesabu kulingana na urefu wa mtutu, na tundu liko katikati ya mwendo wa pistoni. Pistoni ikishalipita, upepo wote ulio mbele yake umefungwa. Tundu la drili ya jirani ni habari nyingine kabisa.

Kukata springi kunafanya kazi, sikatai. Ila pale ulipokata, duara la mwisho halikai bapa tena. Springi inasimama upande, inaisukuma pistoni ikiwa imeegemea, na pistoni inayoegemea inakula reli zake na kulegeza sili yake. Wengine wanaipasha moto ncha ili wailaze, wanaua ukali wa chuma mahali hapo. Na ukikata zaidi ya ulivyohitaji, hairudi.

Dawa yako ni kubadilisha springi yenyewe. Nguvu ya bunduki ya umeme inazaliwa kwenye springi, basi ipunguze palepale inapozaliwa. Springi hizi zinauzwa kwa herufi M na namba: M90, M100, M110, M120. Namba ni mita kwa sekunde zinazotarajiwa kwa gololi ya gramu 0.20 katika bunduki isiyovuja. Futi 350 ni mita 106.7. Kwa hiyo M110 tayari imekuvusha mstari. Nunua M100. Itakuweka jirani na futi 330, na zile 20 zinazobaki uziache zibaki. Siku ya joto, mtutu uliosafishwa vizuri au sili mpya vinaweza kukupandishia futi kadhaa bila taarifa, na ukiwa umejibana kwenye 349 utarudishwa tena mlangoni.

Utaona kwamba kutoka 420 hadi 350 ni kupunguza sehemu moja tu ya sita ya kasi, lakini nishati inapungua karibu theluthi. Ndivyo kasi inavyofanya kazi ikizidishwa kwa yenyewe, na ndivyo pia futi chache za "hazina neno" zinavyoleta maumivu makubwa kuliko zinavyoonekana kwenye namba.

Namna ya kuibadilisha. Vaa miwani ya kinga kwanza, hata kama uko peke yako mezani. Toa magazini. Halafu elekeza bunduki mahali salama upige risasi moja au mbili, kwa sababu baada ya kutoa magazini huwa kuna gololi imebaki kwenye hopapu, kile kifaa cha mwanzo wa mtutu kinachoizungusha gololi. Ndipo utoe betri. Watu wanaanza na betri, wanajikuta na bunduki yenye gololi ndani na hawajui.

Tazama nyuma ya giaboksi, ndani ya njia ya kitako. Kama yako ni ya kubadilisha springi haraka, utaona kichwa cha kishikio cha springi chenye mfuo wa bisibisi bapa au tundu la pembe sita. Ingiza kifaa, sukuma mbele mpaka usikie springi inakusukuma nawe, zungusha robo, halafu uiache ije taratibu ukiwa umeishikilia. Taratibu. Springi ya M120 ikikuponyoka mkononi itavuka chumba, na kishikio chake ni chuma.

Kama haina mfumo huo, giaboksi lazima ifunguliwe. Hapo kuna hatua ambayo nakuomba usiiruke. Inawezekana pistoni imesimama katikati ya safari, springi ikiwa imebanwa nusu. Ondoa mota kwenye mkono wa bunduki, tazama chini ya giaboksi penye gia ya mota. Kuna kikwamisho kidogo kinachozuia gia zisirudi nyuma. Kisukume kwa bisibisi nyembamba, utasikia gia zinalia mara moja na springi inalegea. Baada ya hapo ondoa skrubu, na unapoinua kifuniko ingiza bisibisi ndefu kutoka nyuma hadi ndani ya kishikio cha springi, uikandamize huku unafungua. Wanaosema giaboksi "inalipuka" ni wale walioinua kifuniko mikono mitupu.

Ukiwa ndani, angalia kama kuna beringi au washa chini ya springi au nyuma ya kichwa cha pistoni. Kila milimita ya hizo inaibana springi zaidi. Kama bunduki yako ingekuwa imezidi kwa futi chache tu, kuziondoa kungetosha, lakini wewe umezidi sana. Badilisha springi, na beringi iache, maana inaisaidia springi isijipinde inapobanwa.

Halafu kuna betri. Springi laini inairudisha pistoni mbele polepole kuliko ngumu, na wakati huohuo mota inazunguka upesi zaidi kwa sababu mzigo umepungua. Ukiwa na mota ya kasi na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya volti 11.1, ile gia inayovuta pistoni inaweza kumaliza mzunguko na kuidaka tena kabla haijafika mwisho. Meno yanakutana vibaya, ya pistoni yanang'oka. Kwa M100 kwenye bunduki ya kawaida, volti 7.4 inatosha na bunduki itakuwa nyepesi kufyatua kuliko ilivyokuwa.

Springi mpya hulegea kidogo inapoanza kazi, kwa hiyo ipigie magazini kadhaa kabla hujaiamini namba. Kisha pima risasi kama kumi, uangalie ile ya juu kuliko zote, maana hiyo ndiyo itakayokufungia nje. Zikipishana kwa futi tano au sita, bunduki yako ni nzima. Zikipishana kwa ishirini, kuna mahali inavuja, na tatizo lako halijawahi kuwa springi peke yake.

*

*Fundi, habari za kazi. Bastola yangu ni ya gesi. Asubuhi inapita ukaguzi, mchana jua likiwaka wakinipima tena nimezidi. Nimejaribu kujaza gesi nusu lakini sioni tofauti. Je, bastola ni mbovu?*
— Dada wa zamu ya mchana

Nzuri, dada. Bastola yako haina ubovu wowote. Gesi iliyo ndani ya magazini ni kimiminika, na sehemu yake imegeuka mvuke juu. Presha inayoisukuma gololi ni ya huo mvuke, na inategemea joto, haijali umejaza kiasi gani. Maadamu kuna tone la kimiminika limebaki, presha ni ileile. Kujaza nusu kunakupunguzia idadi ya risasi tu.

Gesi ya kijani, ambayo nadhani ndiyo unayotumia, kimsingi ni propani yenye mafuta kidogo ya silikoni. Propani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ina presha ya baa 8.4 hivi, kwenye nyuzi 30 inakaribia 11, na kwenye nyuzi 40 imefika karibu 14. Hapo umeona bastola yako ya asubuhi na ya mchana.

Una njia mbili za kweli. Moja ni kubadilisha gesi. Ile ya 134a kwenye nyuzi 20 ina baa 5.7 hivi, na hata kwenye nyuzi 30 iko kwenye 7.7, chini ya propani ya asubuhi. Angalia tu kama inatosha kurudisha slaidi nyuma. Bastola yenye slaidi ya chuma na springi ngumu inaweza kukwama njiani. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni vali ya kurekebishwa ndani ya nozeli, kile kimrija kinachopeleka gesi kwenye gololi. Ni kipande kidogo chenye skrubu, unaizungusha kwa ufunguo mwembamba na vali inafunga njia ya gololi mapema zaidi. Gesi inayobaki inakwenda kurudisha slaidi. Kwa hiyo kasi inashuka na mshindo wa slaidi unabaki, wakati mwingine unaongezeka.

Irekebishe wakati wa joto kali, magazini ikiwa imetulia. Ukipima baada ya kupiga mfululizo, magazini imepoa kwa sababu gesi inapogeuka mvuke inanyonya joto, nawe utasoma namba ya chini isiyo ya kweli. Jioni bastola itakuwa dhaifu kidogo, na hiyo ni sawa. Na magazini zako usiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

*

*Fundi, mimi ni mama wa vijana wawili. Wamenunuliwa bunduki za easofti na mjomba wao, naambiwa ni za jouli 1. Wanalalamika miwani inawatia ukungu. Nikizipeleka kwa fundi azishushe kabisa, ni kasi gani ambayo wanaweza kucheza bila miwani?*
— Mama mwenye wasiwasi

Mama yangu, hakuna. Nakujibu hivyo moja kwa moja kwa sababu najua ungependa niseme namba, na ningeisema ningekuwa nakukosea wewe na hao watoto.

Ngozi inavumilia. Jouli 1 kwenye mkono inaacha alama nyekundu, nusu jouli inaacha kidogo zaidi ya mshtuko. Jicho halina ngozi hiyo. Gololi ya milimita 6 ni ndogo kuliko tundu la mfupa linalolihifadhi jicho, kwa hiyo mifupa ya paji na shavu, ambayo ingezuia mpira, haizuii gololi. Inaingia hadi kwenye jicho lenyewe. Hata bunduki zilizo chini ya jouli 1 zimesababisha damu kuvuja mbele ya mboni, lenzi kuharibika, na presha ya jicho kupanda miaka baadaye wakati kila mtu ameshasahau.

Kuzishusha ni wazo jema hata hivyo, nami nakuunga mkono. Nusu jouli kwa gololi ya gramu 0.20 ni futi 232 kwa sekunde, mita 71 hivi. Mwambie fundi atafute springi ya M70 au ya jirani yake, na wachezee gololi za 0.20, wasitumie nzito. Mwambie pia akupimie mbele yako. Mchezo utakuwa wa karibu zaidi, na kwa vijana wanaocheza kwenye nafasi ndogo hiyo ni faida.

Ukungu una tiba yake. Tafuta miwani ya kinga yenye kioo cha tabaka mbili na matundu ya hewa juu na chini, iliyozungukwa na mpira unaoshika uso wote. Iwe imeandikwa kiwango cha kuhimili mgongano. Miwani ya jua haifai, na ya kusomea ni hatari kwa sababu kioo chake kinaweza kuvunjika kuelekea ndani. Waongezee kinyago cha chini kwa ajili ya meno. Na anayecheza si peke yake anayehitaji: yule mdogo anayekuja kutazama pembeni naye avae.

*

*Fundi, kwa nini kwenye meza ya ukaguzi wananilazimisha nipime kwa gololi za 0.40 ninazochezea? Bunduki yangu ni ya kukoki kwa mkono, na kwa 0.20 inapita vizuri tu.*
— Mdunguaji

Kwa sababu yako ni mojawapo ya zile ambazo nishati inapanda gololi ikiwa nzito. Silinda ya bunduki ya kukoki ni kubwa kuliko upepo ambao mtutu unauhitaji. Gololi nyepesi inakimbia na kutoka mtutuni upepo mwingi ukiwa bado haujafanya kazi. Nzito inakaa mtutuni muda mrefu zaidi, upepo unaendelea kuisukuma, inatoka na jouli zaidi. Ile ya 0.40 ikisoma mita 100 kwa sekunde, hiyo ni jouli 2. Wako sahihi kukupima hivyo.

Ukihitaji kushusha, springi ndiyo ya kwanza. Mtutu mfupi zaidi nao unapunguza upandaji huo, lakini nunua uliokatwa kiwandani. Ncha iliyokatwa kwa msumeno inabaki na makali yanayoikwaruza gololi wakati wa kutoka, na kwa mdunguaji hapo ndipo kila kitu kinapoharibikia. Mtutu wa ndani wenye kipenyo cha milimita 6.08 badala ya 6.03 nao unashusha kidogo, kwa sababu upepo unapita pembeni ya gololi.

*

*Fundi, mimi natumia hewa ya mtungi. Si nazungusha regulata, kile kidhibiti presha, tu basi?*
— Wa mtungi

Ndiyo, kaka, na kati ya wote walioandika wewe ndiye mwenye kazi nyepesi. Zungusha regulata kupunguza presha, piga risasi kadhaa kavu ili presha ya zamani iliyobaki kwenye mpira iishe, kisha pima kwa gololi utakazochezea, maana na kwako nishati inapanda kwa gololi nzito. Ukikuta presha imeshuka mno hadi nozeli hairudi vizuri, acha regulata ilipo na ubadilishe mtutu au nozeli.

Lakini urahisi huo wenzako wanaujua pia. Ulichokishusha mezani unaweza kukipandisha kichakani kwa vidole viwili. Weka kufuli la regulata, lile la kuziba skrubu, na umwombe msimamizi alifunge yeye mwenyewe baada ya kukupima.